Kabla ya kusema kadi ya grafiki imekufa: mambo ya kuzingatia kwenye kompyuta mpya ya mezani

Kompyuta imetoka dukani ikiwa imeshaunganishwa, feni zinazunguka, taa za rangi zinawaka, lakini monita ni nyeusi. Au picha ipo, ila gemu linasuasua na kadi uliyoilipia haionekani popote ndani ya Windows. Hayo ni matatizo mawili tofauti. Swali la kwanza la kujibu ni hili: je, madabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote vya kompyuta) inaiona kadi? Kama haiioni, hakuna draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) itakayosaidia, na ukipakua draiva umechoma bando bure.

Andaa vitu kabla ya kugusa chochote: bisibisi ya nyota, kebo ya pili ya HDMI au DisplayPort ambayo una hakika ni nzima, tochi, na simu ya kupigia picha. Risiti na namba ya utambulisho ya kadi (serial number) viwe karibu. Angalia pia kama kasha lina stika ya garantii juu ya skrubu. Ikiwepo, muulize muuzaji kwa maandishi kama unaruhusiwa kufungua, na ujumbe wa WhatsApp unatosha. Kwa mashine iliyoagizwa kutoka Marekani, tazama nyuma ya pawa saplai, yaani kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, kabla ya kuchomeka waya wa umeme. Baadhi yake, hasa za bei ya chini, zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wa Tanzania na Kenya ni volti 230 hadi 240, na swichi ikibaki kwenye 115 pawa saplai inaungua papo hapo.

Sasa kebo ya monita. Kompyuta nyingi zinazorudishwa dukani kwa sababu hii hazina ubovu wowote, kebo tu imechomekwa pasipo pake. Nyuma ya kasha kuna sehemu mbili zenye matundu ya picha: ya juu, karibu na matundu ya USB, ni ya madabodi, ya chini, ambayo kwa kawaida imelala mlalo, ni ya kadi ya grafiki. Kebo iingie ya chini. Soma pia jina la prosesa. Intel yenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, haina grafiki ya ndani, kwa hiyo matundu ya juu hayatoi picha hata siku moja. Ryzen 5 5600 ni vivyo hivyo. Kwa prosesa yenye grafiki ya ndani, madabodi nyingi huizima zenyewe zikishaiona kadi. Ukipata picha kwenye tundu la juu huku kadi ikiwa kimya, hiyo ni dalili kwamba kadi haijatambuliwa.

Kama kebo ipo mahali pake na bado ni giza, tazama taa ndogo kwenye madabodi zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. VGA ikiwaka isizime, mashine imekwama kwenye kadi. Si kila bodi ina taa hizo. Zenye spika hulia badala yake, na mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi kwenye BIOS nyingi (programu ya madabodi inayotangulia Windows) huhusu grafiki.

Kufungua kasha kuna utaratibu wake. Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Laza kasha ubavu, upande wa kioo juu. Wauzaji wengine hujaza sponji au mfuko wa povu ndani ili kadi isitikisike safarini, na watu huwasha mashine bila kuutoa. Utoe wote. Kisha piga picha ya waya zote kabla hujachomoa hata mmoja.

Anza na umeme wa kadi. Tundu la PCIe, yaani lile refu la madabodi ambamo kadi huchomekwa, peke yake linatoa wati 75 tu. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. GTX 1650 ya kawaida inatosheka na tundu, lakini RTX 3060 hula wati 170 na lazima iwe na waya wake. Pini 8 za kadi huwa zimegawanyika 6+2, na zile 2 zinapenda kubaki nje zikining'inia. Waya wa prosesa nao una pini 8, ila umegawanyika 4+4. Usiulazimishe kwenye kadi, mpangilio wa umeme wake ni wa kinyume. Kadi mpya zenye plagi ndogo ya pini 16 zinataka kusukumwa mpaka kusiwe na mwanya wowote. Plagi ikiwa nusu, kadi inaweza kukataa kuwaka, au mbaya zaidi, ikawaka na plagi ikayeyuka. Na adapta inayotoa umeme kwenye waya wa SATA wa diski kulisha kadi, itupe: waya ule umeundwa kubeba wati 54 upande wa volti 12.

Ikiwa waya ziko sawa, ing'oe kadi na kuirudisha. Kadi nzito hupita kilo moja, na barabara ya vumbi ndani ya basi au lori inatosha kuinyanyua milimita mbili kutoka kwenye tundu lake. Fungua skrubu zinazoishika nyuma ya kasha, chomoa waya wake, bonyeza kilatchi (kibano kidogo) kilicho mwisho wa tundu, kisha ivute juu bila kuipinda. Bila kubonyeza kilatchi unaweza kuvunja tundu, na hapo garantii inakuwa mjadala. Futa meno ya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi. Irudishe kwenye tundu refu lililo karibu na prosesa, sukuma pande zote mbili mpaka usikie kilatchi kikilia, halafu kaza skrubu. Meno ya dhahabu yakionekana upande mmoja, bado haijaingia.

Kadi iliyosimamishwa wima ina kebo bapa katikati yake na madabodi. Kebo hiyo ikiwa ya PCIe 3.0 na kadi ni ya 4.0, picha huja na kupotea au haiji kabisa. Tumia tundu la juu kupata picha kama prosesa inaruhusu, ingia BIOS (Del au F2 kwa bodi nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo nyingi) na uweke kasi ya PCIe kuwa Gen 3. Hapo hapo hakikisha chaguo la grafiki ya kwanza ni PEG au PCIe, majina mawili ya kadi iliyo kwenye tundu. Usisasishe BIOS bila UPS. Umeme ukikatika katikati, tatizo la kadi linageuka kuwa la madabodi.

Upande wa Windows, bofya Start kwa kitufe cha kulia, fungua Device Manager, kisha Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, kadi huenda ipo na inakosa draiva tu. Fungua sifa zake, sehemu ya Details, chagua Hardware Ids: VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD, VEN_8086 ni Intel. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa chipu, ikiwa na mamia ya MB. Kosa namba 43 (Code 43) kwenye Device Manager likibaki hata baada ya kufuta draiva kwa DDU, programu ya kuondoa draiva za grafiki, na kuweka mpya, shuku kadi yenyewe. Kwa kadi iliyouzwa kwa bei ya kutiliwa shaka, endesha GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi: kadi ya zamani iliyobadilishwa jina mara nyingi huandikiwa FAKE mbele ya jina lake.

Kipimo cha mwisho ni kubadilishana: kadi hii kwenye kompyuta nyingine, na kadi nyingine kwenye hii. Kadi hii ikikataa kwenye kompyuta zote mbili, irudishe. Muulize muuzaji kama anataka mashine nzima au kadi peke yake. Ikiwa ni mashine nzima, omba ruhusa ya kuing'oa kadi na kuifunga ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ili isisafiri ikining'inia kwenye tundu.