Somo: Kubadilisha ukingo wa sponji uliooza kwenye spika

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa kwa ukamilifu. Sponji linaloishikilia karatasi ya spika kwenye fremu huoza hata spika isipopigwa, kwa sababu poliuretheni huvunjwavunjwa na unyevu na mwanga wa jua, na visiwani kwetu vyote viwili ni vingi.

1. Fungua spika na uutie alama waya wa chanya.

2. Pima vipenyo vya karatasi na fremu kwa milimita kabla ya kununua ukingo.

3. Kwangua sponji la zamani, kisha futa mabaki kwa spiriti kidogo bila ya kulowesha karatasi.

4. Gundisha ukingo mpya kwenye karatasi kwa gundi nyeupe ya seremala na uache ukauke usiku kucha. Gundi ya papo hapo haifai, kwani hukakamaa na haikupi nafasi ya kurekebisha.

5. Weka koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) katikati kabla ya kugundisha ukingo kwenye fremu. Hapa ndipo spika nyingi zinapoharibika, kwa sababu upenyo kati ya koili na chuma cha sumaku haufiki hata milimita moja. Kata kofia ya katikati kwa wembe, chomeka vipande vyembamba vya plastiki kuizunguka nguzo ya sumaku, ndipo upake gundi na kubana kwa vibanio vya nguo. Usivitoe vipande hivyo mpaka gundi ikauke kabisa. Baadaye isukume karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili; ukisikia mkwaruzo, usiiunganishe na amplifaya, bali bandua ukingo na urudie. Usifanyie kazi penye unga wa chuma, maana sumaku huuvuta ndani. Kofia irudishwe mwisho.

Swali (Wete): Fundi, gundi ya papo hapo je?

Jibu: Soma hatua ya 4.

Swali (Makunduchi): Ukingo wangu ni wa kitambaa, haukuchanika, lakini unapitisha hewa. Nao ubadilishwe?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuchunguza kwanza. Kitambaa hutiwa dawa ya kuziba vitundu, nayo hupungua kwa miaka. Paka utomvu wa mpira uliozimuliwa kwa maji, tabaka moja jembamba, kisha uumulike kwa nyuma uone kama mwanga bado unapenya. Usizidishe, kwani ukingo ukikaza besi hupungua.

Swali (Mkoani): Alama ya chanya imefutika. Nitaijuaje?

Jibu: Gusisha betri ya volti 1.5 kwa muda wa nukta moja tu. Karatasi ikitoka nje, waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya ya spika.