Namna ya kumkagua mwalimu wa mtandaoni bila kumgeuza mshtakiwa

Mimi ni mratibu wa masomo ya mtandaoni, na muda wangu mwingi unaishia kwenye madarasa ya watu wengine, nimekaa kimya nikiandika. Wakuu wa idara wakinijia, swali lao la kwanza ni lilelile: tutumie fomu gani? Fomu ingoje. Amueni kwanza mnakwenda kutazama nini. Wengi huchukua fomu ya darasa la ana kwa ana, wanaingia kwenye kipindi kimoja, wanatia alama kwenye "sauti inasikika" na "anatumia ubao vizuri", halafu wanatoka wakiamini wamemkagua mwalimu. Kumbe sehemu kubwa ya kazi yake hawajaiona. Iko kwenye maelekezo ya mazoezi, kwenye majibu ya maswali yaliyoulizwa usiku, na zaidi ya yote kwenye maoni anayoandika juu ya kazi za wanafunzi.

Kwa hiyo kagua wiki nzima. Kubaliana na mwalimu ni wiki ipi na somo lipi, kisha muulize mambo matatu: wanafunzi wajue nini mwishoni, watawasilisha nini, na yeye mwenyewe anaona wapi panakwama. Hilo la tatu ndilo litakalokuokolea muda. Ukaguzi wa kushtukiza sioni faida yake mtandaoni. Jina lako linatokea kwenye orodha ya washiriki kabla hujakaa vizuri, na darasa zima linabadilika.

Omba akaunti ya mwanafunzi kwenye mfumo wa masomo. Akaunti ya msimamizi inakuonyesha hata vitu ambavyo mwanafunzi amefichwa, kwa hiyo utadhani kila kitu kipo. Fungua kwa simu, kwa bando la kawaida, halafu jaribu kuifanya kazi ya wiki hiyo. Hapo ndipo mambo yanapojitokeza: video ya dakika 40 isiyo na maelezo ya nini cha kuangalia, maswali yaliyo kwenye faili lisilofunguka kwenye simu, tarehe ya mwisho inayosema Ijumaa kwenye ukurasa mmoja na Jumapili kwenye mwingine. Mwalimu huyo anaweza kuwa hodari kweli wa somo lake. Lakini wanafunzi wake nusu hawatawasilisha, na wataitwa wavivu.

Kwenye kipindi cha moja kwa moja, mimi hufuatilia maswali tu. "Mmeelewa?" Kimya. "Haya, tuendelee." Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alieleza katika maandiko yake ya mwaka 1974 kwamba walimu, wakishauliza swali, husubiri wastani wa sekunde 1 hivi, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na wengi zaidi hujitokeza. Hayo yalikuwa madarasa ya chumbani. Mtandaoni sauti inachelewa, mtu anatafuta kitufe cha maikrofoni, mwingine anaandika kwa kidole gumba. Mimi huwaambia walimu wahesabu kimoyomoyo hadi kumi.

Unachoandika kiwe kile ulichokiona. "Dakika ya 12: aliuliza kwa nini jibu ni hasi, akasubiri sekunde 2, akajibu mwenyewe." Hilo mwalimu anaweza kulifanyia kazi. Ukiandika "hashirikishi wanafunzi", umemfungulia mashtaka, naye atajitetea. Kamera nazo usizihesabu. Mwanafunzi anaizima kwa sababu ya bando, au kwa sababu kuna watu nyuma yake, na yote mawili hayamhusu mwalimu. Tazama kama wanaandika, kama wanajibu kura za papo kwa papo, kama waraka wa pamoja unajaa.

Sasa njoo kwenye maoni ya kazi, mahali ambapo wakaguzi wengi hawafiki kabisa. Omba kazi sita zilizosahihishwa, majina yakiwa yamefichwa: mbili za juu, mbili za kati, mbili za chini. Soma alichoandika mwalimu tu. Ukikuta "Vizuri, ongeza bidii" kwenye zote sita, umeshapata jibu. Linganisha na hili: "Uko sawa hadi mstari wa tatu. Hapo umegawanya upande mmoja tu wa mlinganyo. Anzia hapo upya, unitumie kabla ya Alhamisi." Mwanafunzi aliyeko mbali, asiye na mtu wa kumuuliza, akipata maoni haya ya pili anajua aanzie wapi. Angalia pia maoni yalifika baada ya siku ngapi, na kama yalifika kabla ya zoezi lililofuata. Yakichelewa hata yakiwa mazuri hayana wa kuyatumia. Na linganisha urefu: mara nyingi kazi za juu zinapata aya nzima na za chini zinapata alama nyekundu peke yake. Nimeona walimu wanaong'ara kwenye kamera wakianguka hapa, na wapole wasiosikika wakifanya maajabu.

Takwimu za mfumo zitumie kuuliza, usizitumie kuhukumu. Saa za kuwa ndani ya mfumo hazisemi lolote. Ukurasa unaweza kuachwa wazi mwenye nao amelala. Hojaji za wanafunzi vilevile: usiulize kama mwalimu ni mzuri, uliza kama walipata maoni kabla ya zoezi jipya.

Mazungumzo na mwalimu yafanyike ndani ya siku mbili, yeye aanze kusema. Chagueni jambo moja. Ukimpa saba hatafanya hata moja. Kisha lifanyieni kazi palepale: fungueni maelekezo ya wiki ijayo, myaandike upya pamoja. Hiyo inasaidia kuliko semina ya siku nzima.

Ila usimdai mtu kisichowezekana. Mwalimu mwenye wanafunzi 120 na zoezi kila wiki hawezi kuandika maoni ya maana kwa wote. Mpunguzieni mazoezi, au atumie maoni ya sauti, au awe na benki ya maoni ya makosa yanayojirudia. Mpeni mtu wa kushughulikia ujumbe wa gumzo la kipindi na wanafunzi wanaoshindwa kuingia wakati yeye anafundisha. Na kama ninyi mnaosaidia ndio pia mnaoamua mkataba wake, mwambieni hivyo siku ya kwanza.

Baada ya wiki nne hivi ingia tena, uangalie lile jambo moja tu. Likiwa limebadilika, liandike kwenye faili lake kwa dakika na mistari vilevile. Likiwa halijabadilika, kabla hujamuuliza lolote, hakikisha msaada mlioahidi ulimfikia.