Kuchagua Matairi Mapya ya Trela la Safari

Matairi ya trela la safari, yaani kijumba cha kulala kinachovutwa na gari, kwa kawaida huzeeka kabla ya kuisha. Trela hukaa miezi mingi limeegeshwa juani, likiwa limelalia sehemu ileile ya tairi, na siku mwenyewe anapoamua kusafiri huona kashata, yaani meno ya tairi, bado ndefu akaridhika, ilhali mpira umekwisha kukauka kwa ndani. Kwa hiyo jambo la kwanza kutazama ni umri. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 3519, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi likishafika miaka mitano au sita mimi nalihesabu kuwa limemaliza kazi, hata liwe linang'aa namna gani, na lenye nyufa au uvimbe ubavuni halistahili kungojewa hata siku moja. Tarakimu hizohizo zisomwe dukani pia, kwa maana tairi lililokaa rafuni miaka miwili ni jipya kwa jina tu.

Kinachofuata ni uzito, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kununua tairi linalofanana na lile la zamani bila kujua kama la zamani lilitosha. Lipeleke trela kwenye mizani likiwa limepakiwa kama linavyosafiri, pamoja na maji, gesi na vyombo, na ikiwezekana kila gurudumu lipimwe peke yake. Tuseme trela lina kilo 3,000, na asilimia 12 ya uzito huo, yaani kilo 360, inabebwa na gari linalovuta. Kilo 2,640 zinazobaki zikigawanywa kwa magurudumu manne ni kilo 660 kwa kila moja. Lakini upande wenye jiko, friji na tangi la maji unaweza kukuta gurudumu moja limebeba kilo 780. Tairi la kipimo cha ST205/75R15 lenye herufi C, ambayo ni daraja lake la kubeba uzito, hubeba kilo 825, kwa hiyo kwenye karatasi linatosha, ila linafanya kazi karibu na kikomo chake safari nzima. Tairi la kipimo hichohicho lenye herufi D hubeba kilo 975, na hiyo akiba ya takriban asilimia 20 ndiyo ninayoipendelea.

Kupanda kutoka C hadi D kuna masharti yake, kwa sababu tairi halibebi uzito wake wote bila upepo wake wote. C hujazwa hadi PSI 50 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo), D hadi 65, na E hadi 80, na vipimo hivyo huchukuliwa tairi likiwa baridi, kabla ya kuondoka. Rimu nayo ina kikomo chake cha uzito na cha upepo, ambacho mara nyingi hugongwa nyuma yake. Ikiwa rimu haihimili, tairi imara halitasaidia kitu. Vali za mpira za kawaida haziruhusiwi kupita PSI 65, kwa hiyo anayechagua E afunge vali za chuma.

Herufi ST zinazotangulia kipimo humaanisha kwamba tairi limeundwa kwa ajili ya trela, nalo lina ubavu mgumu kuliko la gari dogo. Ugumu huo una sababu: trela lenye ekseli mbili likikata kona kali, magurudumu hayageuki bali huburutwa kwa ubavu, na tairi laini hupindishwa hadi tabaka zake za ndani zikaanza kuachana. Haifai pia kuchanganya radiali, ambazo nyuzi zake za ndani hukatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, na tairi za nyuzi za mshazari katika trela moja.

Herufi ya mwendo, inayoonyesha kasi ya juu ambayo tairi linaruhusiwa, isidharauliwe, maana joto ndilo linaloua tairi la trela, nalo huongezeka kwa mwendo, uzito na upungufu wa upepo. L ni kilomita 120 kwa saa na M ni 130, ilhali tairi la ST lisilo na herufi yoyote lihesabiwe kuwa la kilomita 105.

Kama tairi moja limepasuka njiani, lile la jirani yake upande huohuo lilibeba mzigo wa mawili mpaka uliposimama, hivyo libadilishwe nalo hata kama halionyeshi jeraha; na tairi la akiba, ambalo kwa kawaida lina umri sawa na yale mengine, lisisahauliwe. Baada ya kufunga, kaza nati kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha trela, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 80 hivi za kwanza, kwa kuwa hulegea kidogo rimu inapokaa sawasawa.