Kuweka Nix kwenye Ubuntu bila kuigusa apt

Wiki hii nimeulizwa mara tatu jinsi ya kuweka Nix, kisimamizi cha programu kinachokaa kando ya apt, kile cha Ubuntu yenyewe. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. sudo apt install curl xz-utils
2. Tazama nafasi: df -h /. Chini ya GB 10 usianze.
3. Ukiwa ndani ya bash (ganda la amri), bila kuwa root (msimamizi mkuu):
sh <(curl -L https://nixos.org/nix/install) --daemon
4. Funga terminali, fungua nyingine, andika nix --version.

Uliwahi kuiweka ukaifuta? Tulia hapa. Mimi nilifuta /nix kwa rm -rf, nikarudia hatua ya 3, ikagoma kwa sababu ilikuta /etc/bash.bashrc.backup-before-nix. Hiyo ni nakala inayowekwa kabla Nix haijaongeza mistari yake, na haikubali kuandika juu yake. Nikairudisha nakala bila kuitazama. Mipangilio yote niliyoongeza kwa miezi minne ikapotea, na sikuwa nayo kwingine. Kwa hiyo anza na diff, amri ya kulinganisha faili, kati ya nakala hiyo na /etc/bash.bashrc. Zikitofautiana kwa mistari ya Nix tu, irudishe kwa sudo mv. Kuna zaidi? Toa mistari ya Nix kwa mkono, nakala ihamishie nyumbani kwako. Kagua pia /etc/zshrc. Na kabla ya kufuta chochote, simamisha nix-daemon (huduma ya Nix inayofanya kazi nyuma ya pazia) kwa systemctl.

fundi_redio: Inaniambia Syntax error: "(" unexpected.
Jibu: Uko kwenye sh. Hatua ya 3 imesema bash.

mgeni77: Nimefuta nikaweka tena, inagoma, nisaidie haraka!!
Jibu: Soma aya ndefu. Diff kwanza.

Mwanaasha: Python ya Nix haitagongana na ya apt?
Jibu: Swali zuri sana. Kila kifurushi kina folda yake ndani ya /nix/store, jina likianza na herufi 32 zinazokokotolewa kutokana na kila kilichotumika kukijenga. Ya apt inabaki /usr/bin. Weka hello, programu ndogo ya majaribio, kwa nix-env -iA nixpkgs.hello, kisha readlink -f $(which hello), utaiona njia nzima. Ukiharibu, nix-env --rollback inakurudisha hali ya kabla.

Mwanaasha: Na bando?
Jibu: Ongeza --dry-run kwenye amri ya kuweka, itakutajia MB za kupakua kabla hujakatwa.

kipanga: Diski ikijaa, nix-collect-garbage -d.
Jibu: Kweli, ila -d inafuta matoleo ya nyuma, na rollback inaondoka nayo. Bila -d yanabaki.