Kaunta Buku ya Kriketi: Namna ya Kujua Kama Timu ya Taifa Inapanda Kweli

Nunua kaunta buku. Ya kwaya mbili inatosha, itakufikisha Kombe la Dunia la 2027 na kurasa zitabaki. Nunua na peni mbili, ya bluu na nyekundu. Bluu ni ya yaliyotokea, nyekundu ni ya maoni yako. Usianze na jedwali la kwenye simu, utajaza namba usizozisoma.

Mimi natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na Jumapili huwa naandika alama za mechi za klabu, mara Upanga, mara Gymkhana. Haya nawaandikia wadogo zangu walioanza kuipenda kriketi pale vijana wetu wa chini ya miaka 19 walipofuzu Kombe la Dunia la 2026. Kila nikisema timu fulani inapanda, wananiuliza: "Imeshinda ngapi?" Swali hilo ni la Simba na Yanga. Kwenye mechi za kimataifa za siku moja (ODI), ova 50 kwa 50, kila ova mipira sita, timu inaweza kushinda mechi ya maajabu huku inashuka, na inaweza kufungwa tisa mfululizo huku inapanda. Daftari ndilo litakaloonyesha tofauti.

Chagua timu moja tu, na iwe yenye hadhi ya ODI. Nchi wanachama kamili wa Baraza la Kimataifa la Kriketi ni 12 na hadhi yao ni ya kudumu. Zipo nyingine nane zenye hadhi ya muda: Canada, Namibia, Nepal, Uholanzi, Oman, Scotland, Falme za Kiarabu na Marekani. Sisi hatumo. Tanzania inacheza ova 50 kwenye ligi ya chini ya kusaka Kombe la Dunia, kundi moja na Uganda, lakini mechi zile haziingii kwenye vitabu kama ODI. Zifungulie daftari lake, usichanganye. Kenya walikuwa na hadhi hiyo, ikawaponyoka 2014. Ukitaka timu ya karibu na nyumbani, chukua Namibia. Wanaandaa Kombe la 2027 pamoja na Afrika Kusini na Zimbabwe, lakini wao peke yao uenyeji haukuwapa tiketi, lazima waitafute uwanjani. Mimi nafuata Afghanistan, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka huko.

Saa za mechi ni jambo dogo ila zizoee. Mechi za mchana na usiku za India kwenye Kombe la 2023 zilianza saa tano na nusu asubuhi kwa saa zetu, na saa moja na nusu usiku mambo yalikuwa yamekwisha. Za Uingereza huanza mara nyingi saa saba mchana. Za Australia ni alfajiri, shauri yako. Huna haja ya kumaliza bando kwa kutazama video. Ukurasa wa alama unakula MB chache, na kwa kazi yetu ndio unaotakiwa. Umeme ukikatika, utaukuta palepale.

Sasa mstari wenyewe. Kila mechi ipe nusu ukurasa. Andika tarehe, uwanja, nani alipiga kwanza, kisha alama kila baada ya ova kumi: mikimbio mingapi, yaani pointi za wapigaji, na wiketi ngapi, yaani wapigaji wangapi wametolewa. Hapa kwenye kumikumi usifanye uvivu, kwa sababu alama ya mwisho inaficha mengi. Ova kumi za kwanza walinzi wawili tu ndio wanaoruhusiwa kukaa nje ya duara lililochorwa ndani ya uwanja, basi hata mpigaji wa kawaida anafikisha mpira ukingoni na kupata nne zake. Kumi za mwisho kila mtu anapiga juu. Timu changa hukwama pale kati, ova ya 11 hadi ya 40, walinzi wanne wakiwa nje na warushaji wa spini, wa mipira ya kuzungusha, wakibana. Timu isiyokomaa ikifika hapo utaona 60 bila wiketi inageuka 110 kwa wiketi tano. Ukiona kwamba mwaka jana walikuwa wanapoteza wiketi nne pale kati na mwaka huu wanapoteza mbili, chukua peni nyekundu uandike, hata kama mechi wamefungwa.

Afghanistan wenyewe walikuwa na hesabu ya aina hii. Walipokuwa wanawafukuzia Sri Lanka, yaani wanapiga wa pili ili wazivuke alama zao, pale Pune, Oktoba 2023, kwenye benchi lao kulikuwa na ubao mweupe. Haukuwa na maneno ya hamasa, ulikuwa na hesabu tupu: ova 10, mikimbio 50, ova 20, 100, ova 30, 150, ova 40, 200. Walikuwa wanatafuta 242. Wakazipata kwa wiketi tatu tu, ova 45 na mipira miwili. Nilipouona ule ubao nilicheka peke yangu dukani, maana ni daftari langu limetundikwa ukutani.

Hapo ndipo penye kipimo ninachokiamini kuliko vyote: tazama timu inavyofukuzia. Kupiga kwanza ukapata alama za wastani, halafu mpinzani mkubwa akaporomoka, kunatokea. Kupiga wa pili, unajua namba unayoitafuta, taa zimewaka, presha ipo, na bado ukafika bila kuhangaika, hakutokei kwa bahati mara tatu ndani ya mwezi mmoja.

Chukua majirani zetu Kenya, na nasema hivi kwa heshima kwa sababu walitupa raha Afrika Mashariki nzima. Pune, 29 Februari 1996, walipiga kwanza wakapata 166, West Indies wakaanguka kwa 93. Gwalior 1998 walipiga kwanza, 265, wakaifunga India kwa mikimbio 69. Nairobi 2003 walipiga kwanza, 210, Sri Lanka wakaishia 157, Collins Obuya akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Ushindi mtukufu wote huo, na wote ni wa kulinda alama walizoweka kwanza. Kufukuzia walikofanikiwa kwenye Kombe lile la 2003 ni 198 dhidi ya Canada na 134 dhidi ya Zimbabwe. Nusu fainali Durban, India wakaweka 270, Kenya ikaishia 179. Angekuwepo mtu na kaunta buku wakati ule, angeandika kwa wino mwekundu: hawajawahi kufukuzia namba kubwa kwenye mashindano haya. Baada ya hapo mechi zikawa haba, na timu isiyocheza haiwezi kujifunza kufukuzia.

Sasa weka Afghanistan pembeni yake. ODI yao ya kwanza ilikuwa Aprili 2009, Benoni, dhidi ya Scotland, wakashinda. Kombe lao la kwanza, 2015, ushindi ulikuwa mmoja tu, tena dhidi ya Scotland walewale, Dunedin. Walikuwa wanafukuzia 211. Samiullah Shenwari alipiga 96, akatoka zikiwa zimebaki 19 na wiketi moja mkononi, na waliomalizia ni warushaji wawili. 211 kwa wiketi tisa! Kombe la 2019 wakafungwa zote tisa. Anayehesabu ushindi angefunga daftari hapo.

Kisha fungua ukurasa wangu wa 23 Oktoba 2023, Chennai: Pakistan 282 kwa wiketi 7. Afghanistan 286 kwa wiketi 2, ova 49. Gurbaz 65, Ibrahim Zadran 87, wiketi ya kwanza mikimbio 130. Rahmat Shah 77, Shahidi 48, wote wawili hawakutoka. Soma vizuri: wapigaji wanne tu waliingia, na wote wanne walichangia. Hakuna shujaa mmoja aliyebeba zigo. Hapa kuna namba ya kuandika kila mechi: ni wapigaji wangapi wamepita 40? Timu ya mtu mmoja ikishinda, weka alama ya kuuliza. Ushindi wa Delhi dhidi ya Uingereza siku nane kabla, wa kulinda 284, ndio uliotangazwa zaidi mjini. Kwangu mimi Chennai ni kubwa kuliko Delhi.

Namna ya kufungwa nayo iandike kwa makini uleule. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia la 1975, chini ya Harilal Shah, ilifungwa na New Zealand kwa mikimbio 181, na India kwa wiketi 10, yaani India walifika bila kupoteza hata moja, na Uingereza kwa mikimbio 196. Huko ni kufungwa kwa timu ambayo haikuwa mchezoni tangu asubuhi. Linganisha na Mumbai, Novemba 2023: Afghanistan wameweka 291, Australia wako 91 kwa wiketi saba, Mujeeb wa Afghanistan akadondosha mpira ambao angeudaka ungemtoa Maxwell wa Australia, aliyekuwa na 33. Maxwell akamaliza na 201 akichechemea. Timu zote mbili zimefungwa, lakini hii ya pili imegharimiwa na mpira mmoja uliodondoka. Kwenye safu ya "kwa nini" andika kitu kimoja tu. Ukijikuta unaandika sababu tano, hiyo ni timu bado changa.

Orodha ya viwango ya kimataifa itazame, lakini ujue inavyopikwa. Timu mbili zikiwa zimepishana chini ya pointi 40, anayeshinda anapewa pointi za mpinzani kuongeza 50, anayefungwa anapewa za mpinzani kutoa 50. Zikipishana 40 au zaidi, mnyonge akimfunga mkubwa anapata pointi zake mwenyewe kuongeza 90, akifungwa zake mwenyewe kutoa 10 tu. Kisha inatafutwa wastani, mechi za karibuni kwa uzito kamili, za zamani kidogo kwa nusu. Kwa hiyo mwenye 60 akimfunga mwenye 110 anaingiza 150 kwa siku moja. Kama kacheza mechi chache, wastani wake unaruka juu kama kishada. Ndiyo maana pembeni ya kiwango mimi huandika na idadi ya mechi.

Kila mechi kumi zikitimia, kaa chini ufunge hesabu: wiketi za ova ya 11 hadi ya 40, namba walizofukuzia wakafika, waliopita 40. Linganisha na kumi zilizopita. Usifunge kila wiki, utapata homa bure.

Mechi za mvua zisiingie kwenye kumi hizo. Ova zikipunguzwa, namba ya kufukuzia inatoka kwenye hesabu ya Duckworth, Lewis na Stern, na kumikumi zako zinavurugika. Ziandike, ila kwa penseli. Lahore, 28 Februari 2025, Afghanistan walipata 273 dhidi ya Australia, mvua ikamaliza mchezo. Kitabu rasmi kinasema hakuna matokeo. Mimi nimeongeza kwa wino mwekundu: Australia 109 kwa wiketi 1, ova 12 na mipira mitano.