Mzee wako akitokewa na mkanda wa jeshi

Mama alianza kulalamika Jumatatu: ubavu wa kulia unawaka, hata khanga ikigusa anashtuka. Nikamchua kwa mafuta, nikidhani ni ndoo za maji. Jumatano yakatoka malengelenge yaliyobanana kama punje za mtama, kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Jirani akasema mdudu kamkojolea. Hapa Tandika kila kipele cha ghafla ni mdudu.

Ulikuwa mkanda wa jeshi. Mzee akiwaka upande mmoja kisha vipele vikafuata palepale, mpeleke hospitali ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, maana vidonge vya kuzuia virusi hufanya kazi vizuri vikiwahiwa. Mama aliandikiwa mara tano kwa siku, siku 7. Niliweka kengele ya simu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Bila kengele utaruka ya saa 8, nakuhakikishia.

"Kaniambukiza nani?" aliuliza kwa hasira. Hakuna. Aliugua tetekuwanga utotoni, virusi vikajificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo. Seli za kinga zilivibana miaka yote. Sasa ana miaka 71, na seli zenyewe zimechoka, hazizaani kwa wepesi wa zamani. Virusi vikapata upenyo, vikafuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana kwa kawaida hukaa upande mmoja. Ile hofu ya "ukizunguka ukakutana unakufa" iwekeni kando. Akiupata kijana, apime na VVU.

Osha taratibu kwa maji safi na sabuni, kausha kwa kugusagusa, funika kwa bandeji isiyobana, mvalishe dera. Dawa ya meno na majivu, hapana. Majimaji yale humpa tetekuwanga asiyewahi kuugua, hivyo mjukuu mchanga na mjamzito wasimkaribie mpaka vipele vikauke. Vikitoka kwenye paji la uso au ncha ya pua, jicho liko hatarini: ondokeni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Vya mama vilikauka wiki ya tatu. Maumivu bado, na daktari kamwongezea kidonge cha usiku. Juzi alivaa sidiria kwenda harusini Mbagala. Aliivua ndani ya daladala, akaitia kwenye mkoba.