Eko ya stresi: jinsi ya kujiandaa na mambo yatakayokukuta mle chumbani

Watu wengi wakiandikiwa eko ya stresi, yaani kupigwa picha za moyo kwa mawimbi ya sauti kabla na baada ya kukimbizwa kwenye mashine, wanadhani ni ile eko ya kawaida tu, unalala kitandani unapakwa jeli umemaliza, ndo maana mtu anatufikia kavaa kandambili na kashiba chapati na maharage asubuhi hiyo hiyo, inabidi arudi nyumbani apangiwe siku nyingine. Mimi niko upande wa wanaopima, kwa hiyo naeleza vile vile ninavyomwelezaga mzee akiwa amekaa kwenye benchi na mwanae wanasubiri kuitwa.

Kwanza kwa nini ukimbizwe wakati unaumwa moyo. Mishipa inayolisha moyo inaweza kuwa imeziba nusu au zaidi na eko ya kawaida ikatoka safi kabisa, maana ukiwa umelala moyo hauhitaji damu nyingi, hiyo kidogo inayopenya inatosha. Gari lenye injini iliyochoka hapo Morogoro mjini huwezi kulijua, lipandishe Kitonga na mzigo ndo utalijua. Basi tunachofanya ni kuupandisha moyo mlima makusudi huku tukiuangalia. Sehemu ya ukuta wa moyo inayokosa damu inaanza kulegea au inagoma kabisa wakati wenzake wanakaza kwa nguvu, na mara nyingi hilo linaonekana kwenye picha kabla ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haijabadilika na kabla wewe mwenyewe hujasikia kifua kinabana. Na hakuna mionzi, ni mawimbi ya sauti yale yale wanayopimiwa wajawazito.

Angalizo kabla ya yote: kama kifua kinauma sasa hivi umekaa tu, kinabana hakiachii na jasho linakutoka, hiki sio kipimo chako leo, nenda emajensi. Pia hatumkimbizi mtu aliyepata shambulio la moyo siku mbili tatu zilizopita, wala mwenye valvu ya aota (mlango wa mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo) iliyobana sana na tayari anazimia au anapata maumivu, wala ambaye presha iko juu mno asubuhi hiyo. Ndo maana maswali yetu ni mengi, tuvumilieni.

Sasa maandalizi. Usile masaa 3 au 4 kabla, maji kidogo sawa. Kahawa, chai ya rangi, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu acha tangu jana yake, hospitali nyingi zinataka masaa 24. Sigara pia. Vaa raba na suruali au bukta nyepesi, juu kitu cha kufunguka mbele. Akina mama, sidiria itabidi itoke na utapewa gauni, mtandio wa kichwa hauna shida yoyote, na kama unataka upimwe na mwanamke au ndugu wa kike akae humo ndani, sema siku ya kupanga miadi, usisubiri mpaka umeshapanda kitandani maana zamu inakuwa imeshapangwa. Mwanaume mwenye manyoya kifuani atanyolewa vipande vipande ili stika za ECG zishike, usishtuke ukimwona nesi na wembe.

Dawa ndo penye kazi. Kuna kundi la dawa za presha na moyo zinazoshusha mapigo, atenolol, bisoprolol, carvedilol, utazijua zote majina yanaishia na "lol". Ukija umezimeza moyo unaweza usifike pale tunapoutaka, kipimo kikatoka nusu nusu, kwa hiyo daktari mara nyingi anasema zisimame siku moja au mbili kabla. Lakini ASEME YEYE. Kuzikata mwenyewe ghafla kunaweza kukuletea balaa kubwa kuliko hilo unalopimwa, na wengine madaktari wanataka kwa makusudi upimwe ukiwa unazitumia. Mwenye sukari anayechoma insulini aulize dozi ya asubuhi hiyo mapema, kufunga kula huku umechoma kama kawaida halafu upande mashine, sukari itashuka utaanguka. Mwezi wa Ramadhani kama sio haraka omba tarehe baada ya Idi, kukimbia na swaumu ni mateso ya bure.

Ukiingia tunakuchukua picha za mwanzo ukiwa umetulia, umelalia ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto nyuma ya kichwa. Halafu unapanda mashine ya kukimbilia. Wengi tunatumia utaratibu wa Bruce, unaanza taratibu km 2.7 kwa saa lakini mashine imeinuka asilimia 10, kila dakika 3 spidi na mwinuko vinaongezeka. Lengo ni asilimia 85 ya mapigo yako ya juu, chukua 220 toa umri wako, mtu wa miaka 60 anabaki na 160, kwa hiyo tunamtafutia 136. Usiishikilie ile bomba kwa nguvu zote kama uko kwenye daladala, shika kidogo tu kwa balansi, ukijibebesha kwenye mikono moyo haufanyi kazi. Kikibana kifua, kizunguzungu kikija, miguu ikiisha, sema hapo hapo, hatutoi medali.

Halafu inakuja sehemu ambayo watu wanaiharibu bila kujua. Mashine ikisimama una kama dakika moja, ikizidi sana moja na nusu, picha ziwe zimeshapatikana, kwa sababu moyo ukishapoa ile sehemu iliyogoma inaweza kurudi ikacheza vizuri na ushahidi umepotea. Kwa hiyo usisimame kuvuta pumzi, usiombe maji, usitafute taulo wala kandambili, shuka moja kwa moja kitandani, ubavu wa kushoto, mkono kichwani, kitanda kiko hatua mbili tu. Utasikia "toa pumzi, kaa hapo hapo usivute". Ngumu hiyo, umetoka kukimbia unahema kama nini, ila zile sekunde chache ukizishika mapafu yanatupisha tunaona. Mazoezi ya kushika pumzi yafanye wakati wa picha za mwanzo.

Asiyeweza kukimbia, magoti mabovu, stroku, miguu imevimba, anawekewa kwa dripu dobutamini, dawa inayoufanya moyo ukimbie wewe umelala. Dozi inapandishwa kila dakika 3 mpaka mapigo yafike, yakigoma inaongezwa atropini, dawa nyingine ya kupandisha mapigo. Utasikia moyo unadunda kama ngoma, kichwa kinawasha wengine wanatetemeka au kichefuchefu, na mdomo unakauka. Dawa ikifungwa hiyo hali inaisha ndani ya dakika chache. Mwenye presha ya macho au tezi dume iliyovimba atuambie mapema kwa sababu ya hiyo atropini, na ukipewa usiendeshe chochote mpaka macho yaache ukungu. Uwezekano wa jambo baya kutokea upo ila ni mdogo, upande wa dobutamini ni mkubwa kidogo kuliko kukimbia, ndo maana daktari na mashine ya kushtua moyo vinakuwa humo humo chumbani.

Majibu tunayasoma kwa kuweka picha ya mwanzo na ya kilele pembeni kwa pembeni, ukuta wa moyo umegawanywa vipande 16 au 17. Kilichokuwa kizuri kikalegea baada ya kukimbia, mshipa wake una mashaka, hapo mazungumzo yanakuwa dawa au angiografia (picha ya mishipa ya moyo kwa kupitisha mrija). Kilichokuwa kimekufa ganzi toka mwanzo na hakibadiliki mara nyingi ni kovu la shambulio la zamani, wengine hata hawakujua walilipata. Ukiwa umefika lengo na vyote vimekaza vizuri, uwezekano wa shambulio au kifo cha moyo kwa kawaida uko chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Ila soma kama wameandika ulifika hiyo asilimia 85. Ripoti inayosema kawaida wakati uliishia 70 haijakwambia kitu, mimi ningerudi kwa daktari nimuulize inakuwaje. Wanene sana na wenye mapafu yaliyojaa hewa picha zao huwa za mashaka pia, kuna dawa ya viputo vidogo vya kung'arisha picha, uliza kama ipo.

Mambo ya bima: eko ya kawaida na eko ya stresi ni vitu viwili kwenye fomu, hakikisha kibali kimeandikwa ya stresi kabla ya siku yenyewe, dirishani wakisema haipo utalipa keshi. Na ukitoka omba picha kwenye CD au flashi pamoja na karatasi, maana daktari wa hospitali nyingine akitaka kulinganisha mwakani karatasi peke yake haitamsaidia sana.